Binti Yangu Anataka Kupanda Farasi

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Ninaishi Nairobi, lakini nimezaliwa na kukulia Lamu, na mnyama wa kupandwa ninayemfahamu ni punda peke yake. Binti yangu ana miaka 7. Mwezi uliopita alialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenziwe huko Karen, akapandishwa poni na kuzungushwa uwanjani mara mbili, na tangu siku hiyo hana wimbo mwingine ila farasi. Baba yake hataki kusikia habari hiyo. Mama mkwe anasema mtoto akililia wembe mpe. Nilikwenda kuulizia katika shule moja ya kupanda farasi, nikapewa karatasi ya kutia saini inayosema kwamba wao hawatawajibika mtoto akiumia. Nimerudi nayo nyumbani bila kuisaini. Naomba kuuliza: kuna umri unaofaa kuanza? Kofia yake ya baiskeli itatosha? Na mtu asiyejua farasi kama mimi atatambuaje kwamba mahali fulani ni salama?

Mama wa watoto wawili, Nairobi

JIBU

Dada yangu, ulifanya vyema kurudi na ile karatasi. Hata shule nzuri huwa na karatasi ya namna hiyo, kwa hiyo kuwepo kwake peke yake hakuonyeshi uzembe. Lakini shule inayokuomba ubebe hatari haina budi kukuonyesha jinsi inavyoipunguza hatari hiyo, na ikiwa waliona taabu kukujibu maswali mawili matatu kabla ya kukupa kalamu, tafuta shule nyingine.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo kubwa. Huna haja ya kujua farasi ili utambue mahali salama. Nenda siku ya Jumamosi asubuhi, wakati watoto ni wengi, na umwache binti nyumbani, kwa maana ukiwa naye utamtazama yeye na hutaona kitu kingine. Kaa ukingoni mwa uwanja tangu mtoto wa kwanza anapofika hadi anapoondoka. Angalia kama mwalimu na saisi, yaani mtunza farasi, wenyewe huvaa kofia ngumu wanapopanda. Angalia kama lango la uwanja hufungwa kabla ya somo kuanza, na kama mbwa wa nyumbani wanaachwa kuzurura katikati ya kwato. Angalia mshipi wa tumbo unaoshikilia tandiko: saisi anayeijua kazi yake huukaza kabla mtoto hajapanda, kisha huukagua tena baada ya dakika chache, kwa sababu farasi wengi hujaza tumbo wanapofungwa, na wakishatoa pumzi mshipi hulegea na tandiko linaweza kuzunguka upande pamoja na aliyelikalia.

Kuliko yote, subiri mpaka mtoto mmoja aogope. Lazima atakuwepo. Mwalimu akimcheka, au akimwambia mbele ya wenzake kwamba wadogo zake wanaweza, umeshapata jibu lako. Akimsimamisha farasi, akamwacha mtoto apumue, kisha akamrudisha kwenye hatua aliyokuwa akiimudu, hapo unaweza kuomba ile kalamu. Mtoto aliyefundishwa kuficha hofu yake hatasema siku farasi anapomwonyesha dalili mbaya, na mtu wa kwanza kuziona dalili hizo ni yeye aliye juu.

Kuhusu umri, miaka 7 si mapema mno, lakini umri wenyewe si kipimo pekee. Jiulize kama ukimwambia “simama” husimama mara ya kwanza, au huhitaji kuitwa mara tatu. Jiulize kama anaweza kukaa kwenye kigoda kisicho na mgongo kwa muda wa robo saa bila kupinda. Kama anaweza, basi aanze kwa kuongozwa: saisi ashike kamba ya farasi, na mtu mwingine atembee ubavuni karibu na goti lake, kwa mwendo wa kutembea tu, kwa majuma kadhaa. Mwendo wa matiti, ule wa kurukaruka unaotikisa viungo vyote, usubiri mpaka aweze kukaa bila kuning'inia kwenye hatamu. Shoti isizungumzwe mwaka huu.

Kofia ya baiskeli haitoshi, na usikubali kuambiwa kwamba itafaa kwa leo tu. Ile imetengenezwa kwa ajili ya aina nyingine ya kuanguka. Kofia ya mpanda farasi hushuka zaidi nyuma ya kichwa na kwenye kisogo, nayo hupimwa kwa mapigo ya vitu vyenye ncha au ukingo, kama kwato au mti wa uzio. Ndani yake tafuta lebo yenye mojawapo ya alama hizi: PAS 015, EN 1384 au ASTM F1163. Isiyo na alama yoyote ni pambo. Wala usiinunue mitumbani, hata kama ya Gikomba inang'aa na bei yake ni robo ya ile ya dukani, kwa sababu kofia iliyokwisha kupigwa mara moja inaweza kuwa imevunjika ndani huku nje haina mkwaruzo, na muuzaji hajui ilianguka mara ngapi huko ilikotoka. Kwa sababu hiyo hiyo, kofia ya binti yako ikipata pigo zito haivaliwi tena. Pia usiiache ndani ya gari juani, maana joto huiharibu.

Namna ya kuipima ni hii. Mvalishe bila kufunga ukanda, umwambie ainame na kutikisa kichwa kidogo. Ikianguka, ni kubwa. Ukingo wa mbele ukae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili hivi. Sasa kuna jambo ambalo maduka hayakwambii, nalo sisi tunalijua: nywele. Kofia iliyopimwa juu ya misuko minene hulegea siku misuko inapofumuliwa, na iliyopimwa juu ya nywele fupi hupanda juu kama chungu kwenye mafiga siku mtoto anaposukwa mabutu. Msuke twende kilioni za kulala, mtindo ule ule kila wakati wa masomo, bila shanga wala vibanio vigumu chini ya kofia. Kama anavaa hijabu, iwe nyepesi, ya kuvutwa, isiyo na pini.

Viatu navyo nitavieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndivyo vilivyonifundisha mimi. Mwanangu alianza kupanda akiwa na miaka 8. Siku ya tatu nilimpeleka na viatu vyake vya raba vya shule, vile bapa visivyo na kisigino, na hakuna aliyeniambia neno. Poni alikuwa akienda matiti, akajikwaa kidogo tu, mtoto akateleza upande wa kushoto, na kiatu kikapenya kwenye kikuku cha tandiko, ile pete ya kukanyagia, hadi kifundoni. Aliburutwa hatua nne au tano kabla saisi hajaishika hatamu. Alikuwa amevaa kofia, na mgongo ulipata michubuko tu, lakini nilipomvua soksi niliona alama nyekundu imezunguka mguu mzima kama kikuku cha bibi harusi, na kwa miaka mingi sasa neno hilo moja lenye maana mbili sijaweza kulisikia bila kuiona ile alama. Kumbe kiatu chenye kisigino cha sentimita mbili hivi, chenye soli laini isiyo na meno makubwa, kingeuzuia mguu usipenye. Mwombe mwalimu pia akuonyeshe kwamba kikuku kinamwachia mguu wa binti nafasi ya upana wa kidole chembamba kila upande. Kikiwa chembamba kitaubana, kikiwa kipana mno kitaumeza. Na kuna vikuku vya watoto ambavyo upande wa nje vina mpira unaofyatuka mguu ukivuta. Uliza kama shule inavyo.

Mama mkwe wako ana haki yake. Ni kweli mtoto hufunzwa na jambo lenyewe. Lakini wembe hukata kidole, na kidole hupona. Mtoto wa miaka 7 akiwa juu ya poni mwenye urefu wa sentimita 120 mabegani, kichwa chake kiko karibu mita 2 kutoka ardhini, na ubongo hauponi kama kidole. Huo wembe apewe ukiwa ndani ya ala, naye aandaliwe namna ya kuushika.

Maandalizi hayo huanza chini, kabla ya kupanda, na hapa wewe wa Lamu unajua kuliko unavyodhani. Punda haendewi kwa nyuma kimyakimya. Farasi ni vivyo hivyo, ila mateke yake ni mazito zaidi na hushtuka upesi. Macho yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji lake. Mtoto anayejitokeza ghafla katika sehemu hizo mbili ni kama ameanguka kutoka mbinguni. Ni mnyama ambaye wazee wake waliishi kwa kuwakimbia simba, na akili yake bado humwambia akimbie kwanza, aulize baadaye. Mfundishe binti amwendee kwa upande wa bega, amsemeshe kabla hajamgusa, atazame masikio: yakilala nyuma kabisa, arudi nyuma. Asizungushe kamba mkononi hata mara moja, kwa sababu farasi akikurupuka kamba hukaza na vidole huondoka nayo. Aikunje kwa mikunjo na kuishika katikati ya mikunjo hiyo. Asikimbie wala kupiga kelele kwenye banda. Amlishe karoti kiganja kikiwa wazi. Juma la kwanza likipita kwa kumpiga farasi brashi na kumwongoza tu bila kumpanda, usidai fedha zako. Mimi naona hilo ndilo somo lenye thamani kuliko yote.

Utaambiwa kwamba poni huyu ni mpole, amebeba watoto mia, kofia ni ya farasi wakali. Mwaka 2010, Courtney King-Dye, mpanda farasi aliyeiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2008, alikuwa akimfunza farasi kama kila siku, bila kofia. Farasi hakurusha teke wala hakukasirika. Alijikwaa akaanguka, na Bi King-Dye alizimia kwa majuma, kisha akaanza kujifunza upya kutembea na kusema. Baada ya hapo wakubwa wa mchezo huo walianza kubadili kanuni, na tangu mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi linamtaka karibu kila mpanda farasi avae kofia ngumu awapo juu ya farasi katika mashindano yake. Uingereza ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza mtoto wa chini ya miaka 14 kupanda farasi barabarani bila kofia hiyo. Kama mabingwa wanalazimishwa, wa miaka 7 hana mjadala.

Kofia, hata hivyo, haikingi shingo wala kifua. Siku binti atakapoanza kuruka viunzi, ongeza fulana ya kinga yenye alama ya EN 13158, iliyopimwa mwilini mwake na si ya kukulia ndani yake. Mwigizaji Christopher Reeve alikuwa amevaa kofia mwaka 1995 farasi alipogoma mbele ya kiunzi, naye akavunjika shingo. Silisemi hili kukutisha. Nalisema kwa sababu njia pekee ya kumkinga mtoto shingo ni kutomruhusu aruke kabla ya wakati, na uamuzi huo ni wako pamoja na mwalimu, si wa mtoto anayemwona mwenzake ameruka.

Na baba yake mchukue mwende naye hiyo Jumamosi. Hofu yake ni ya mtu anayempenda mtoto. Ipe kazi ya kufanya. Mpe yeye jukumu la mshipi wa tumbo.

SWALI

Mwanangu wa kiume, miaka 10, alianguka kwenye somo. Alilia kidogo, mwalimu akamkung'uta vumbi na kumpandisha tena papo hapo, akisema asiporudi juu mara moja hofu itamwingia mfupani. Jioni alilalamika kichwa kinamuuma, akatapika mara mbili. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa usiku mmoja, na sasa hajambo. Mwalimu alikosea, au mimi ndiye mwoga?

Baba wa Nakuru

JIBU

Alikosea, ndugu yangu, na wewe kumkimbiza hospitali ndiko kulikofaa.

Imani hiyo ya kurudi juu mara moja imeenea kila mahali penye farasi, nami naiona kuwa ndiyo hatari zaidi kwa sababu inasemwa na watu wenye nia njema. Mtoto aliyegonga kichwa anaweza kusimama, kutabasamu na kusema yuko sawa, huku ubongo wake umetikisika. Akianguka tena kabla haujatulia, madhara ya pigo la pili yanaweza kuwa makubwa kupita la kwanza. Kwa hiyo kanuni ni moja: penye shaka yoyote kwamba kichwa kimegongwa, siku hiyo hapandi tena, wala hachezi mpira nyumbani. Hofu itashughulikiwa wiki nyingine, kwa kumrudisha bandani akampapase farasi yule yule.

Anapoanguka, msimnyanyue kwa haraka, msimtikise, msimmwagie maji. Wengine waondoe farasi, mmoja apige magoti kando yake na kumsemesha. Akilalamika shingo au mgongo, au asipojisikia miguu, asisogezwe, na kofia isivuliwe mpaka afike mtu aliyefunzwa, isipokuwa kama hawezi kupumua. Dalili za kumpeleka hospitali bila kungoja kukuche ni kutapika kama alivyofanya wako, kichwa kinachozidi kuuma, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuuliza swali lile lile mara kwa mara, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba, degedege, au maji maji na damu kutoka puani au masikioni. Kupoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, kumo humo. Arudi kwenye farasi kwa ruhusa ya daktari, na arudie mwendo wa kutembea kwanza.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau kwa kuwa kidonda ni kidogo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya farasi, na hakuna uwanja wa farasi usio na vyote viwili. Tazama kadi yake ya chanjo, na umwulize mhudumu wa kliniki kama anahitaji sindano ya kuongeza nguvu.

SWALI

Siku za sikukuu tunawapeleka watoto bustanini, ambako kuna vijana wenye farasi wa kuzungusha watoto na kupiga picha. Mzunguko ni dakika tano tu. Nako tubebe kofia?

Msomaji, Eldoret

JIBU

Ndiyo, bebeni. Dakika tano zinatosha kuanguka. Zaidi ya kofia, kataa mambo mawili: watoto wawili juu ya farasi mmoja, na mtoto kufungwa kwa leso au kamba kwenye tandiko ili asianguke. Mtoto aliyefungwa, farasi akianguka, huanguka naye; farasi akikimbia, hukimbia naye. Mwenye farasi aishike kamba mwenyewe muda wote, asimkabidhi kijana mwingine anayeshika simu kwa mkono wa pili, na wewe utembee ubavuni. Mtazame na farasi: akiwa na vidonda chini ya tandiko, au mbavu zinahesabika, au anatupa kichwa kila anapoguswa, mnyama huyo ana maumivu, na mwenye maumivu hujitetea. Piga picha mtoto akiwa amesimama kando ya bega lake, mwende zenu.

SWALI

Naandika kutoka Muscat. Mjukuu wangu wa miaka 9 ameona ardha ya farasi, wapandaji wawili wakisimama wima juu ya migongo ya farasi wanaokimbia huku wameshikana mikono. Sasa anapanda juu ya kila kitu na kusimama. Babu yake anafurahi, anasema hii ni asili yetu. Mimi moyo unanidunda.

Bibi, Muscat

JIBU

Shikamoo Bibi. Babu amesema kweli: ardha ni hazina ya Oman, na mwaka 2018 UNESCO iliitia katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Hivyo usimkataze mtoto kuipenda. Mwulize babu jambo moja tu, tena kwa upole: wale aliowaona wakisimama, walikaa miaka mingapi kabla ya kusimama? Yeye atajua, na jibu lake litakusaidia kuliko langu.

Huku akikua, apelekwe kwa mwalimu anayefundisha watoto kuweka mizani ya mwili juu ya pipa au farasi wa mbao, chini pakiwa na godoro. Hamu yake ya kusimama itapata pa kwenda. Juu ya farasi hai akae, tena kwa kofia, hata kama kilemba kinapendeza zaidi kwenye picha. Na huyo babu, kwa kuwa mtoto anamtazama yeye kuliko anavyokutazama wewe, mwombe siku ya kwanza avae kofia ngumu yeye mwenyewe mbele ya mjukuu, aifunge ukanda, ndipo amfungie na wa kwake.